Dondoo muhimu: Minyoo hai bila kuchafua maji

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo huwakwepa minyoo hai wakiamini kuwa ndio wanaoharibu maji. Lakini anayechafua tangi si mnyoo aliyeliwa, ni yule aliyesalia. Tubifeksi, yule mwekundu mwembamba kama uzi, akifika chini hufukia kichwa kwenye changarawe na kuacha mkia ukipepea. Samaki akimkaribia, hujivuta ndani asionekane. Akifia humo, huoza na kutoa amonia, ambayo kipimo chake katika tangi salama ni 0. Kwa hiyo kazi kubwa ni kumzuia asifike huko: mtie kwenye chombo kinachoelea chenye matundu madogo, achomoze kidogokidogo, na utoe kiasi kinachokwisha kwa dakika chache tu.

Utaambiwa kwamba kambare wadogo hulia chini. Kweli, nao wawekewe kwenye kisahani cha kioo. Masalia yatatoka pamoja na kisahani. Wapo pia wanaodai kwamba kusuuza kunatosha. Kusuuza kwa maji baridi, kila siku, mpaka maji yatoke maangavu, ni lazima, lakini mnyoo safi akisahauliwa huoza vilevile. Nyungunyungu akae kwanza saa 24 kwenye karatasi yenye unyevu ili atoe udongo tumboni, ndipo akatwe na kusuuzwa. Tropheus wa Ziwa Tanganyika, mla mwani, asipewe minyoo kabisa: utumbo wake mrefu haukuumbwa kwa chakula hicho.