Kabla ya Kuuliza Nyongeza, Uliza Faili Lako

Kijitabu cha elimu kwa watumishi wa umma na wastaafu wa Jinja na Mbale



Kila mazungumzo ya mishahara yanapoanza Kampala, watumishi wa Jinja na Mbale huulizana jambo moja: tutaongezwa shilingi ngapi? Mna haki ya kuuliza. Ila ni wachache wanaouliza kama jina lililo kwenye faili lao ndilo lililo kwenye Kitambulisho cha Taifa, na wengi wanapotezea fedha zao hapo hapo. Tutarudia onyo hili mpaka lisikike: nyongeza haikufikii, kiinua mgongo hakikufikii na pensheni haikufikii ikiwa kumbukumbu zako hazipatani.

Tunajua wengi hamziamini ofisi za serikali, na mna sababu. Mwaka 2012 nchi nzima ilisikia jinsi mabilioni ya shilingi yalivyolipwa kwa wastaafu hewa, huku wazee waliolitumikia taifa wakilala kwenye korido za wizara wakisubiri haki yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Kupambana na Rushwa iliwatia hatiani maofisa watatu wakuu wa Wizara ya Utumishi wa Umma katika kesi ya shilingi bilioni 88.2. Baada ya kashfa ya 2012 malipo ya pensheni yalihamishiwa wilayani. Mzee wa Bududa au wa Buwenge hana tena sababu ya kupanda basi kwenda Kampala kuulizia pensheni yake. Hiyo ni kazi njema na tunaitaja kwa fahari. Lakini ukaguzi wa kumbukumbu uliowaondoa wastaafu hewa unamzuia pia mstaafu halali ambaye karatasi zake zina kasoro. Mashine hailijui jasho lako. Inachosoma ni herufi na tarakimu.

Majadiliano yanakuhusu vipi

Sheria ya mwaka 2008 ya majadiliano, mashauriano na usuluhishi wa migogoro katika utumishi wa umma inavipa vyama vya wafanyakazi haki ya kukaa meza moja na serikali. Kupitia njia hiyo, mwaka 2018 serikali na vyama vilitia saini makubaliano ya kupandisha mishahara kwa awamu. Utekelezaji wake umeleta manung'uniko mengi. Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenzake wa sanaa mwenye shahada kama yake akabaki na mshahara usiofika hata nusu ya huo. Chama cha walimu, UNATU, kilikuwa kimegoma tangu Juni, na shule za serikali zikabaki bila walimu kwa wiki kadhaa. Mjadala huo haujafungwa, na kila mtumishi ana haki ya kuufuata kupitia chama chake.

Wengi hawatambui kwamba mshahara na pensheni ni jambo moja. Katika utaratibu tuliouzoea, pensheni huhesabiwa kwa mshahara wako wa mwisho na miezi uliyotumikia. Chukua mshahara wa mwaka, zidisha kwa idadi ya miezi ya utumishi, gawanya kwa 500. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka. Theluthi yake inazidishwa kwa 15 na kulipwa kwa mkupuo kama kiinua mgongo, na theluthi mbili zinazobaki unalipwa kila mwezi.

Tuchukue muuguzi wa Mbale anayestaafu akiwa na mshahara wa shilingi 900,000 na utumishi wa miaka 30, yaani miezi 360. Mshahara wake wa mwaka ni shilingi 10,800,000. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 7,776,000. Kiinua mgongo ni shilingi 38,880,000, na kila mwezi atapokea shilingi 432,000.

Sasa tuseme barua yake ya kwanza ya ajira imepotea, na faili linaonyesha alianza kazi miaka 2 baadaye. Miezi inashuka hadi 336. Kiinua mgongo kinakuwa shilingi 36,288,000, na malipo ya mwezi shilingi 403,200. Karatasi moja imemnyang'anya shilingi 2,592,000 kwa mkupuo, na shilingi 28,800 kila mwezi. Hakuna chama cha wafanyakazi, hata kiwe hodari namna gani mezani, kitakachomrudishia fedha hizo.

Kuhusu nani anastahili, kwa ufupi: uwe umeajiriwa kwa masharti ya kudumu yenye pensheni, umethibitishwa kazini, na umetumikia miaka 10 au zaidi. Umri wa lazima wa kustaafu ni 60, na anayetaka kuondoka mapema anaweza kuomba akifika 45. Walio kwenye mikataba wasome mikataba yao.

Faili lako liko wapi?

Tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji. Siku ile tulishangilia. Lakini watumishi waligawanywa, wengine wakaenda jijini na wengine wakabaki wilayani, na si kila faili lilimfuata mwenyewe. Kabla ya hapo sehemu za Mbale ya zamani zilikuwa zimeshakuwa wilaya za Sironko, Manafwa na Bududa. Mwalimu aliyeanza kazi Mbale ya zamani, akafundisha miaka mingi upande wa Manafwa, kisha akarudi jijini, anaweza kuwa na karatasi katika ofisi tatu na asiwe na faili kamili hata katika moja.

Usingoje kustaafu. Nenda mwenyewe kwa afisa rasilimaliwatu wa wilaya au wa jiji, uombe kuliona faili lako, na ukae ulisome. Tafuta barua ya kwanza ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za kupandishwa cheo na barua za uhamisho. Isiyokuwamo, leta nakala yako na uhakikishe imepokelewa kwa muhuri na tarehe. Usiache hati halisi mikononi mwa mtu.

Kisha tazama jina, herufi kwa herufi. Nambozo na Nambozzo ni mtu mmoja kijijini, lakini kwenye mfumo ni watu wawili. Mama aliyeajiriwa kwa jina la baba yake na kuchukua kitambulisho kwa jina la mume, yuko hatarini. Aliyebatizwa akiwa tayari kazini na kuongeza jina la dini, yuko hatarini vilevile. Mambo haya hurekebishwa kwa hati ya kiapo, na pengine kwa marekebisho katika ofisi ya vitambulisho, NIRA. Huchukua muda, ndiyo maana tunasema uanze leo.

Tarehe ya kuzaliwa tunaisemea kwa ukali. Tarehe uliyoitaja ulipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayohesabiwa. Wapo waliopunguza umri kwenye kitambulisho wakitumaini kuongeza miaka ya kazi. Wanachovuna ni kusimamishiwa malipo na kuitwa kujieleza. Usibadilishe tarehe ya kuzaliwa. Tunarudia: usibadilishe.

Haraka hii ina sababu nyingine. Serikali imependekeza mfuko wa pensheni wa kuchangia, mtumishi akitoa asilimia 5 ya mshahara na serikali asilimia 10. Vyama vina maswali mazito juu ya makato hayo, hasa kwa wanaopata mshahara mdogo, na ni haki yao kuyauliza. Lakini mpango wowote utakaokuja utaanza kwa kuuliza umetumikia miezi mingapi, na jibu litatoka kwenye faili.

Jihadhari na wanaojitolea kukusaidia

Karibu na benki na makao ya wilaya wapo watu wanaojiita wajuzi wa pensheni. Watakuambia faili lako limekwama na wanamjua mtu Kampala. Wataomba fedha ya kulisukuma, au sehemu ya kiinua mgongo kitakapotoka. Usimpe mtu fedha. Usimpe kadi ya benki wala namba ya siri, hata akiwa jirani, hata akiwa mwenzako wa kanisani au msikitini. Mkopeshaji anayeshika kadi yako kama rehani ndiye atakayeipokea pensheni yako.

Wajane na yatima ndio wanaowindwa zaidi. Mama, ukifiwa na mume aliyekuwa mtumishi, ripoti kifo kwenye ofisi yake ya mwisho ukiwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji (LC1) na cheti cha kifo, na uulize mwenyewe hati ya usimamizi wa mirathi inapatikanaje. Usitie saini karatasi usiyoielewa. Shemeji asikusomee peke yake. Mlete mwanao au mtu mwingine unayemwamini asome naye.

Katiba, ibara ya 254, inasema pensheni isitozwe kodi, ilipwe kwa wakati, na ipatikane bila taabu. Anayekudai chochote ili upate haki hiyo anavunja sheria, hata akiwa ofisa mwenye meza na kiti. Andika jina lake, tarehe na kiasi alichoomba, upeleke malalamiko kwa afisa mkuu tawala (CAO) wa wilaya au karani wa jiji. Wasipokusikiliza, Inspekta Jenerali wa Serikali ana ofisi za kanda Jinja na Mbale. Nenda na kitambulisho, hati ya mshahara ya mwisho na nakala ya malalamiko yaliyopigwa muhuri.