Mali Isiyouzwa Kariakoo

Atakaye kuona jinsi fedha inavyozunguka katika nchi yetu na aende Kariakoo, Dar es Salaam. Huko huuzwa vitenge na vyombo, mbegu na vipuri, nao wanunuzi hutoka mikoa yote ya Tanzania, hata Zambia na Kongo. Biashara hiyo si jambo la kulaumiwa, kwa kuwa yalisha nyumba nyingi. Lakini mahali palipojaa mali ndipo panapofaa kujiuliza: Tajiri ni nani? Tena ni vitu gani ambavyo fedha haiwezi kuvinunua?

Jina lenyewe la mahali hapo latupa fundisho. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, waliokuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wetu wakatamka Kariakoo. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa maradhi na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kamwe mikononi mwa warithi wao. Na hata kama ingefika, ni mama gani angehesabu fedha ile akasema kuwa amelipwa mwanawe? Wazee walinena: Tajiri na maliye, maskini na mwanawe.

Basi kitu cha kwanza kisichouzwa ni uhai. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, likawafukia wafanya biashara na wateja pamoja. Waokoaji walivunja zege kwa nyundo na kuondoa kifusi kwa mikono. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, na zaidi ya 25 walifariki. Chini ya kifusi kile, mwenye duka na mchukuzi walikuwa na haja moja: pumzi, maji, na mkono wa mtu. Mikono ile ilikuja kwa huruma, isingoje kupatana bei.

Kitu cha pili ni uaminifu. Wafanya biashara wa Kariakoo wanayo desturi iitwayo mali kauli. Kijana asiye na mtaji humwendea mwenye duka la jumla, akachukua mzigo bila kulipa, akaahidi kurudisha fedha akiisha kuuza. Rehani yake ni neno lake tu. Akilitimiza, kesho atapewa mzigo mkubwa zaidi. Akilivunja, habari zitamtangulia mtaa kwa mtaa, na hakuna duka litakalomwuzia jina jipya. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, na bidhaa nyingi zikawa majivu kabla ya kucha. Mali ya namna hiyo huungua. Lakini neno la mtu mwaminifu halimo ghalani, wala moto haulipati.

Kitu cha tatu ni urafiki. Mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere aliacha kazi ya ualimu huko Pugu kwa ajili ya TANU, akabaki bila mshahara. Abdulwahid Sykes, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, alimkaribisha nyumbani kwake. Dossa Aziz, mtu mwenye uwezo, alitoa fedha zake na hata gari lake kwa kazi ile. Wenyeji hao walikuwa Waislamu, na mgeni wao Mkatoliki. Ukarimu haukuzuiwa na dini. Fedha waliyokuwa nayo imekwisha kutumika zamani. Twawakumbuka leo kwa ile waliyoitoa.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba twaidharau fedha. Kumwambia mwenye njaa kuwa fedha si kitu ni kumdhihaki. Mama anayeuza mboga tangu alfajiri apate karo na dawa anaijua thamani ya shilingi kuliko sisi, naye yampasa kulipwa haki yake bila kupunjwa. Fedha ni mtumishi mwema wa nyumba. Ubaya huingia pale mtumishi anapoketishwa kitini pa baba, watu wote wa nyumba wakamsimamia kumhudumia: baba hana nafasi ya kuwasikiliza wanawe, ndugu wagombania kiwanja cha urithi, na mizani dukani yaongopa. Nyumba kama hiyo yaweza kuwa na vitu vingi, nayo ikawa maskini kabisa.

Enyi wazazi, watoto wetu hujifunza kupima watu kwa kipimo wanachokiona kwetu. Tukimwamkia kwa heshima mwenye gari na kumpita kimya msukuma mkokoteni, tumekwisha kuwafundisha. Basi jioni, kila mtu ahesabupo mapato yake ya siku, na ahesabu na haya pia: Je, yuko mtu aliyeniamini leo, nami sikumvunja moyo? Je, yuko aliyepata nafuu kwa kuwa mimi nilikuwa na kitu? Tena kama nyumba yangu ingeanguka usiku huu, ni nani angekuja na nyundo? Mwenye majibu ya maswali hayo ndiye tajiri, hata kama mfuko wake ni mwepesi.