Mbwa Mdogo wa Ndani Naye Huhitaji Chanjo

Miongoni mwa mbwa wanaofugwa kwa ajili ya urafiki, na si kwa ulinzi wala uwindaji, yumo mbwa wa aina ya Maltese. Asili yake ni nchi za Bahari ya Mediterania. Akikomaa huwa na uzito wa kilo 3 hadi 4, na manyoya yake ni meupe, marefu na laini kama hariri.

Tabia
Mbwa huyu ni mchangamfu, mwepesi wa kujifunza, na hushikamana sana na watu wa nyumbani. Akiachwa peke yake kwa muda mrefu hubweka na kulia. Udogo wake haumfanyi mwoga, kwani humbwekea hata mbwa anayemzidi mara kumi. Mtoto akimwangusha anaweza kumvunja mfupa. Naye mbwa akishikwa na hofu, huuma. Watoto wafundishwe kuketi chini kwanza, ndipo wampakate.

Matunzo
Manyoya yachanwe kila siku. Yasipochanwa hushikana na kuficha kupe na vidonda. Uso ufutwe kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu ili machozi yasiache madoa. Meno yasafishwe kwa mswaki na dawa ya mbwa, si ya binadamu. Asipewe chokoleti, zabibu, vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa mwili mdogo hudhuriwa na kiasi kidogo.

Chanjo
Wafugaji wengine hudhani kwamba mbwa asiyetoka nje hahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa. Dhana hiyo ni ya hatari. Geti likiachwa wazi kwa dakika chache, mbwa mgonjwa akapenya uani na kumng'ata, yatosha kumwambukiza. Naye hulala na kucheza karibu na watoto kuliko mbwa wa banda. Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufariki. Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, na takriban 4 kati ya kila 10 ni vya watoto wa chini ya miaka 15.

Mbwa achanjwe afikishapo umri wa miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi yake ya chanjo itunzwe. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeuma asiuawe ovyo. Afungiwe mahali salama, na ofisa mifugo wa kata ajulishwe ili amchunguze kwa siku 10.