Paa na Sultani Darai

Kwa mamia ya miaka watu wa Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, walichemsha maji ya chumvi katika vyungu. Wageni waliinunua chumvi ile wakaenda nayo kwao, na kila mpishi akaitia katika chakula cha nchi yake. Vyakula vilikuwa mbalimbali, chumvi ilikuwa ile ile. Hadithi za kale nazo husafiri hivyo. Kila msimulizi huisimulia upya kwa maneno ya watu wake. Basi yampasa msomaji aonje, ajue kama chumvi ingalimo.

Mwaka 1870 Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alipiga chapa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni hii.

Palikuwa na maskini aliyechakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akanunua paa. Paa yule alikuwa na akili na aliweza kunena. Akaona almasi kubwa, akaichukua kwa Sultani wa mji wa mbali, akamposea bwana wake binti Sultani, akisema kwamba bwana wake ni Sultani Darai. Kisha akamwua nyoka mwenye vichwa saba, na nyumba ya nyoka, pamoja na mali yote, ikawa ya bwana wake. Hivyo maskini akapata mke na enzi.

Baadaye paa akaugua. Bwana wake hakwenda kumtazama. Akaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu, maana alimnunua kwa thumuni tu. Mkewe akamsihi kwa machozi amkumbuke aliyewaunganisha, wala hakusikia. Paa akafa, akatupwa kisimani. Mke akampelekea baba yake habari, naye Sultani akaja, akamlilia paa, akamzika kwa heshima. Usiku ule mke akaota yuko kwa baba yake. Alipoamka, yuko kwao kweli. Mume naye akaamka yuko jaani, anachakura.

Mwaka 1901 George Bateman aliisimulia upya kwa Kiingereza, kitabu kikatolewa Chicago. Wasomaji walikuwa wageni, walakini mume yule alirudi jaani vile vile.

Sasa ilinganishe na hadithi ya Ufaransa aliyoiandika Charles Perrault mwaka 1697. Humo kijana maskini anaozwa binti mfalme kwa werevu wa paka wake, na mwisho paka anafanywa bwana mkubwa. Safari ya wanyama hawa wawili ni karibu moja. Miisho yao imeachana. Perrault anamaliza kwa harusi. Msimulizi wa Unguja anaanza kupima mapenzi baada ya harusi, kwa sababu ajua kwamba shukrani ya punda ni mateke. Kwake, mtu asiyemkumbuka aliyemtendea wema hastahili hata mke aliyepewa.

Kwa hiyo usomapo hadithi iliyosimuliwa upya, usiulize tu kama inapendeza. Uliza msimulizi ameacha nini, ameongeza nini, na mwisho wake unamhukumu nani.

Maswali

1. Kwa nini bwana aliamuru paa apikiwe uji wa mtama mwekundu?
2. Mke alimtendeaje paa, na mume alimtendeaje?
3. Chagua hadithi moja ya kwenu. Isimulie upya, kisha eleza ulichobadili na sababu yake.