Mgeni katika grupu la majilisi

Barua ya TSC, tume ya kuajiri walimu, unayo. Matatu imekushusha Webuye, bodaboda imekufikisha Bokoli na begi lako mgongoni. Hujapata hata nyumba ya kupanga, na simu tayari inalia: umeongezwa kwenye grupu la WhatsApp la walimu. Namba arubaini usizozijua. Ujumbe wa kwanza Kiingereza, wa pili Kiswahili, wa tatu Lubukusu, wa nne kicheko kitupu na hujui anachekwa nani.

Usiogope. Ila usikimbilie kuandika.

Mimi nafundisha Kiingereza huku kati ya Bungoma na Kitale, na kwetu ni pwani. Nimekosea mengi kwenye magrupu haya. Chukua nilichojifunza, kitakuokolea muhula mzima.

Kwanza elewa kwa nini unatazamwa kwa jicho la pembe. Mwaka 2018 TSC ilianza kuwahamisha walimu wakuu nje ya kaunti zao, na walimu wa kawaida wakafuata. Baadaye Bunge liliipinga sera hiyo na wengi wakarudishwa makwao, lakini swali lilibaki majilisini: huyu ametumwa na nani? Tena kuna kijana wa hapa hapa, ana cheti kama chako, amefundisha kwa mkataba wa BOM, bodi ya shule, miaka mitatu akiisubiri nafasi uliyoikalia wewe. Hana ubaya. Ana uchungu. Ukilijua hilo, utasoma jumbe zake kwa moyo mwingine.

Shika mikono ya watu kabla ya kuandika neno lolote. Siku ya kwanza pita meza kwa meza, taja jina lako, uliza la mwenzako. Jioni ndipo uandike kwenye grupu, kwa ufupi: "Mulembe walimu. Mimi ndiye niliyewasalimu leo, nafundisha Kiingereza. Asanteni kwa mapokezi." Basi. Shahada zako na shule ulizopitia ziache.

Weka jina lako kamili na picha ya uso wako. Namba isiyo na jina, yenye picha ya ua au ya simba, ndiyo ya kwanza kushukiwa siku maneno yakivuja.

Hifadhi namba zote wiki hiyo hiyo. Andika jina, somo, na cheo: deputi, mweka hazina wa welfare, mwakilishi wa chama cha walimu, mkuu wa idara yako. Mzee wa shule anakuandikia ujumbe, nawe unamjibu "nani mwenzangu?" Hilo halisahauliki.

Wiki mbili za mwanzo soma zaidi ya unavyoandika, lakini usiwe bubu. Mgeni anayesoma kila kitu bila kujibu chochote anaonekana mpelelezi, na tiki za buluu zinamsema. Jibu panapokuhusu: "Nimeipata, mwalimu." Inatosha.

Sasa Lubukusu. Hapa ndipo wageni wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nipe dakika mbili. Ukiona ujumbe usioufahamu, na hasa ukiona jina lako ndani yake, usijitafsirie kwa hofu. Watu wanaandika kwa lugha ya mama kwa sababu ndiyo inayowatoka haraka, hasa wakitaniana. Subiri asubuhi, mwoneshe jirani yako wa meza, uulize kwa upole: "Hapa tumeambiwa nini?" Atakueleza, na mara nyingi atakueleza na historia ya utani wenyewe.

Kamwe usiandike kwenye grupu, "Tafadhali tumieni lugha rasmi." Uko sahihi, na bado utakuwa umewafunga midomo watu thelathini ndani ya nyumba yao. Kama ni jambo la kazi, saa ya mkutano au zamu, mwandikie admini kando: "Naomba saa iandikwe kwa Kiswahili pia, nisije nikachelewa." Hakuna anayekataa ombi kama hilo.

Tafuta mtu mmoja wa kukufungulia mlango. Korea Kusini, walimu wageni wa Kiingereza wanaopelekwa shuleni na mpango wa EPIK, ulioanza 1995, wana shida inayofanana na yako: mazungumzo ya wenzao kwenye KakaoTalk yanapita kwa Kikorea, na mgeni anabaki akikisia. Kule kwa kawaida anapewa mwalimu mwenza Mkorea awe kiungo. Bokoli hutapewa. Mtafute mwenyewe, na usichague mcheshi kuliko wote. Chagua yule ambaye wengine humwendea wakiwa na tatizo.

Usimsahihishe mtu Kiingereza hadharani. Muhula wangu wa kwanza, mwalimu aliyenizidi umri kwa miaka ishirini aliandika tangazo la mkutano. Lilikuwa na kosa la sarufi. Nikalirekebisha pale pale, na kinyota mbele yake, kama ninavyofanya kwenye daftari la mwanafunzi. Hakuna aliyejibu. Majuma matano, nikiingia majilisini mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Nilifikiri wananichukia kwa sababu ya kabila langu. Kumbe nilikuwa nimemvua mzee nguo mbele ya watoto wake wa kazi.

Nilimwendea kwake Jumamosi moja, nikamwambia, "Mwalimu, nilikukosea mbele ya watu." Kisha Jumatatu nikaomba radhi kwenye grupu, kwa sentensi moja. Zingatia hilo: radhi ipeleke mpaka mahali kosa lilipotendeka. Ukimwomba msamaha chemba ilhali ulimwaibisha hadharani, walioona aibu hawataiona radhi.

Skrinshoti ndiyo sumu kubwa ya magrupu haya. Andika kila ujumbe ukijua kwamba mwalimu mkuu, mwenyekiti wa BOM na mzazi wa Kidato cha Pili wanaweza kuusoma kesho. Hilo linahusu pia inboksi. Linahusu zaidi inboksi, kwa kuwa huko ndiko watu hulegea.

Kwa hiyo usimlalamikie mwenzako mmoja kwa maandishi kuhusu mwenzako mwingine. Kama ratiba ya zamu imekuonea, mwendee aliyeitunga. Na usikubali kuingizwa kwenye grupu dogo la "sisi wageni" lililojificha nyuma ya lile kubwa. Likigunduliwa, na litagunduliwa, hata mazuri mliyoyaandika humo yatasomwa kama njama.

Maneno yako yakishavuja, usianze kumsaka aliyevujisha. Ukishaanza uchunguzi, kila mtu ni mshukiwa na wewe ndiye askari. Nenda kwa yule uliyemtaja. Mwambie: "Niliandika, ni kweli. Nilipaswa kukuambia wewe. Nilichokuwa nakilalamikia ni hiki." Uongo hapa hauna faida, maandishi yako anayo mkononi.

Ujumbe ukizidi mistari mitano, piga simu. Ukiwa na hasira, usipige hata simu. Ngoja chai ya saa nne, kaa karibu naye, anzia kwenye habari za nyumbani.

Ukikosea kuandika, rekebisha badala ya kufuta. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri ujumbe. Ukiufuta kabisa, grupu linabaki na alama kwamba kuna kitu umekiondoa, na hapo kila mmoja atajitungia ulichokuwa umesema. Dakika 15 zikipita, andika tu: "Hapo juu nimekosea, nilimaanisha Alhamisi."

Pesa nazo. Mchango wa matanga au wa harusi ukitangazwa, toa mapema hata kama ni kidogo. Desturi ni kubandika ujumbe wa M-Pesa kwenye grupu kuonyesha umetuma. Bandika, ila kwanza futa mstari wa salio, haumhusu mtu. Ukitaka kujua hesabu za welfare, uliza kwenye mkutano, na mweka hazina umdokezee siku mbili kabla ili aje na daftari. Swali hilo hilo likiulizwa kwenye grupu saa tatu usiku ni tuhuma ya wizi. Na mwaka wa kwanza, wakitaka kukupa kazi ya mweka hazina, shukuru na ukatae.

Kisha toka kwenye simu. Nasema hili kwa moyo wote: imani haizaliwi kwenye grupu. Hutumika huko ikiwa imeshapatikana kwingine. Mwalimu mwenzako akifiwa, usiishie kuandika "pole sana" chini ya pole nyingine ishirini. Nenda. Ukibahatika kufika msiba wa mzee mwenye heshima, unaweza kukuta khuswala kumuse, pale msemi anaposimama mbele ya umati baada ya maziko akasimulia asili ya watu na kuwaonya walio hai. Kaa, sikiliza, usirekodi bila ruhusa. Siku utakayotaniwa kwenye grupu, kuna atakayesema, "Huyu alikuja kwetu."

Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Grupu litajaa picha za vijana na njuga zao, na utani wa kiume utapanda joto. Furahi nao, lakini usiifanyie mzaha mila usiyoijua. Na ukitoka jamii isiyotahiri, ukaona utani umegeuka kukusimanga au kukutisha, usiumeze na usirushe tusi. Mwone deputi ana kwa ana siku hiyo hiyo. Watu wazima wa Bokoli hawapendi mgeni wao atishwe, ila lazima wajue.

Wakati mgumu kuliko yote ni mgomo. Mei 2024 walimu wanagenzi wa Sekondari Msingi (JSS), waliokuwa wakipokea shilingi 20,000 kwa mwezi, walikuwa wakigoma. Agosti mwaka huo KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, nayo ikaitisha mgomo. Nyakati hizo picha moja ya darasa inatosha kuvunja urafiki. Usitume picha ukiwa unafundisha. Usitaje nani yuko shuleni na nani hayupo, hata ukiulizwa kwenye grupu. Msimamo wako mwambie mwakilishi wa chama kwa mdomo, mara moja. Ukiombwa na mkubwa umtumie majina ya waliogoma, mwambie daftari la mahudhurio lipo ofisini.

Siasa na kabila usivifowadi kabisa. Watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa madhara yake: baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, chuki ilipita kwa SMS, na wakimbizi wakalala kwenye uwanja wa maonyesho wa Kitale. Mwenzako mmoja huenda alikuwa mtoto humo. Mtu akituma ujumbe wa chuki, usimjibu mbele ya wote, utampa jukwaa. Mwandikie admini aufute, WhatsApp inamruhusu kuwafutia wote. Ukiwa ni tishio lenye jina la mtu, hapo skrinshoti ni haki yako. Ihifadhi ikionyesha tarehe na namba, mpelekee deputi, kisha polisi. Sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 ilitungwa kwa mambo kama hayo.

Na wewe mwenyeji uliyesoma mpaka hapa, nina ombi. Tangazo la kazi liandike kwa lugha ya wote. Utani ukimtaja mgeni, mwambie maana yake kabla hajaenda kuiulizia kwingine. Zamu ngumu msimpe yeye kila wiki kwa sababu hajui kukataa. Na akikosea mara ya kwanza, mvute kando umweleze. Mimi ningeeleweshwa siku ya kwanza kuhusu kile kinyota, nisingepoteza majuma matano.

Nawe mgeni, TPAD, ile tathmini ya walimu ya mtandaoni, ikifunguliwa, mwombe anayekutathmini mkae pamoja mkiwa na ushahidi mezani, mkubaliane alama kabla ya kuingia mtandaoni. Mkikutana kwenye tovuti tu, kila alama ya chini itaonekana njama, kwako na kwake.

Barua nyingine ya uhamisho ikija, usipotee kimya kwenye grupu. Wasalimie uso kwa uso kwanza. Lipa deni la chama, rudisha vitabu vya idara, tuma risiti. Andika kwaheri fupi ukimtaja kwa jina yule aliyekufungulia mlango. Acha siku mbili zipite watu wakujibu, nawe uwajibu wanaokuuliza unaenda wapi. Sema "orio muno", asante sana, kisha utoke.