Glavu za Stoo na Mzee wa Kanisa

Mama,

Mimi ni mtunza stoo katika kituo cha afya cha serikali, na ni Mlutheri tangu utoto. Mwaka jana mzabuni alileta katoni 25 za glavu huku hati ikisema 40. Mkuu wangu akaniambia nisaini tu, zilizobaki zitakuja. Nikakataa. Hazikupita wiki nyingi nikatolewa stoo na kupelekwa masijala, posho ikaishia hapo. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mkuu huyo ni mzee wa kanisa usharikani kwetu, na harambee ya mabati yeye ndiye aliyetutangulia. Nikimwona amebeba kapu la sadaka, moyo unakataa. Siku hizi siendi Mezani kwa Bwana. Nikipiga magoti kusali, maneno yananikauka. Nilidhani nikiwa upande wa Mungu, naye angenitetea. Mume wangu anasema hata Mungu anajua tuna watoto wa kusomesha. Je, nilikosea? Imani yangu imekufa? Nihame usharika?

Mtunza Stoo, Singida

Mwanangu,

Nianze na lile jepesi: hukukosea. Saini yako kwenye hati ya mapokezi ndiyo inayomwezesha mzabuni kulipwa, na wakija wakaguzi jina watakaloliulizia ni la aliyepokea. Aliyekwambia zitakuja hatakumbuka kuwa alisema. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa serikali (CAG) zinapofika bungeni, bidhaa zilizolipiwa bila kupokelewa haziachi kutajwa, kwa hiyo usijione kituko. Na glavu hizo zilikuwa za nani, unajua kuliko mimi. Mama anafikishwa wodi ya wazazi saa nane za usiku, uchungu umekaza, swali la kwanza ni kama amekuja na glavu. Hana. Mumewe anatumwa duka la dawa, analikuta limefungwa, anagonga dirisha la mwenye duka. Katoni 15 ndizo hizo.

Sasa lile gumu. Unasema ulidhani Mungu angekutetea. Hesabu hiyo uliipata wapi? Sikulaumu, maana wote tumehubiriwa redioni na viwanjani: tii, upandishwe cheo; toa, urudishiwe mara mia. Fungua Danieli sura ya 3. Vijana watatu wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, kisha wanaongeza kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudia sanamu. Hayo wameyasema kabla ya kutupwa kwenye tanuru, hawajui yataishaje. Sisi tunaipenda hadithi hiyo kwa kuwa tunajua walitoka bila hata harufu ya moshi. Wewe bado uko mbele ya mfalme. Huenda ukarudishwa stoo mwezi ujao, huenda ukastaafia masijala. Mimi siwezi kukuahidi lolote, na mhubiri atakayekuahidi cheo, muulize barua ya uteuzi ameiona wapi.

Kuhusu maneno kukauka, kwa kuwa wewe ni Mlutheri, ngoja nikupe Luther mwenyewe. Katikati ya mwaka 1527 aliugua, kisha akazongwa na huzuni nzito kiasi cha kumwandikia rafiki yake Melanchthon kwamba alijiona ameachwa na Kristo na kupigwa na dhoruba za kukata tamaa. Huyu ndiye mtu ambaye kanisa lako limechukua jina lake. Wakati huohuo tauni ikaingia Wittenberg. Mtawala akamwagiza aondoke, chuo kikuu kikahamia Jena. Luther akabaki na mchungaji Bugenhagen na wengine wachache, wagonjwa wakauguziwa nyumbani mwake, na mkewe Katharina alikuwa mjamzito. Hakungoja moyo upate joto ndipo achukue beseni la maji. Huzuni alikuwa nayo, na wagonjwa aliwahudumia.

Ndiyo maana siamini kwamba imani yako imekufa. Ulichokifanya stoo siku ile ni imani yenyewe, na ulikifanya ukiwa umekakamaa kwa hofu, bila kwaya nyuma yako. Ila usijilazimishe kububujika. Maneno yako yakigoma, azima ya wengine. Chukua kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu usome sala zake kama zilivyo, dakika tano, kisha ulale. Au Zaburi ya 88. Hiyo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina shukrani mwishoni kama zaburi nyingine. Isome kwa sauti, na ukifika mwisho usimwongezee mwandishi furaha ambayo hakuiandika. Aliyeiweka kwenye Biblia hakuona haya.

Hilo la kuikimbia Meza ya Bwana kwa sababu ya mzee, hapo mimi na wewe hatuelewani. Wakristo wa Afrika Kaskazini waliligombania swali la namna hiyo kwa zaidi ya karne moja: je, sakramenti ina nguvu ikitolewa na mtu aliyeisaliti imani wakati wa mateso? Augustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, alijibu kwamba nguvu yake ni ya Kristo, haitoki kwa mhudumu. Walutheri wakashika mafundisho hayohayo katika kifungu cha 8 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Na huyu wako wala si mhudumu wa Meza, anabeba kapu tu! Posho amekwisha kukuchukulia. Usimwongezee na mkate wa Bwana. Kuhama usharika, hama ukitaka kwa sababu nyingine. Huko uendako nako kuna wazee.

Lakini kukaa usharikani si kunyamaza. Watakuja watu wema kukwambia, "Yamalizeni kiundugu," wakiwa wameshika Mathayo 18. Wasikilize, kisha uwaombe waisome tena. Sura ile inamhusu ndugu aliyekukosea wewe. Angekutukana, ungekwenda mkaongea wawili, ukasamehe, basi. Glavu za kituo hazikuwa zako, kwa hiyo huna ruhusa ya kuzisamehe. Anayeweza kuzisamehe ni yule mama wa saa nane za usiku, naye hakuna aliyemwita kwenye kikao. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, penye hospitali ya misheni, na ukafika hadi Bukoba kwetu, ulijulikana kwa jambo moja lililowakera hata baadhi ya wachungaji: aliyeokoka aliungama hadharani, kisha akarudisha alichoiba. Machozi peke yake hayakutosha. Mzee akija kwako analia, mpe kitambaa, halafu umuulize ziko wapi katoni 15.

La kufanya ni hili. Andika kwenye daftari lako tarehe, idadi iliyofika, idadi iliyoandikwa, nani alisema nini na nani walikuwepo. Nyaraka za ofisi usizichukue kwenda nazo nyumbani. Hilo litakugeuza wewe kuwa mtuhumiwa. Kisha nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, au piga 113, simu ni bure. Tunayo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, na kisasi cha kazini ni miongoni mwa mambo inayokukinga nayo. Uliza mapema namna ya kutumia kinga hiyo, kabla hujaongea na mtu mwingine yeyote ofisini. Sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Sheria haimzuii bosi kununa, wala wenzako kuacha kukuitikia salamu kwenye korido.

Mchungaji wako mweleze, ana kwa ana, lakini usimfanye hakimu. Akuombee, ajue kwa nini ulikuwa huonekani Mezani, na kama wazee watajadiliwa, asiseme baadaye kwamba hakuambiwa. Jumuiyani usilipeleke. Najua lingepokelewa kama ombi la sala, na kufikia Jumatano lingekuwa sokoni likiwa na katoni 100.

Amebaki mumeo. Usimwite mtu asiye na imani, na usimjibu kwamba Mungu atatoa. Anachoogopa ni ada, na ada ni jambo la kweli. Keti naye siku ambayo hamjagombana, mwoneshe posho iliyokatika ni kiasi gani kwa mwezi, na mwulize swali ambalo huenda hajajiuliza: ungesaini, ukaguzi ukaja, ukasimamishwa kazi, ada ingelipwa na nani? Halafu muamue wawili ni nini kitapunguzwa. Mwanao wa kidato cha kwanza au cha pili, kama yupo, mwambieni na yeye sababu. Watoto huvumilia sare ya mwaka jana kwa urahisi zaidi wakijua mama yao alikataa kusaini nini.