Binti yangu aenda umisionari, mbona nalia?

SWALI: Binti yangu, kitinda mimba, anaondoka mwezi ujao kwenda Sudan Kusini kama mmisionari, miaka miwili. Kanisani wananipongeza, usiku nalia. Je, imani yangu ni haba?
Mama, Mkomani

JIBU: Hapana, mama. Anayelia ni mzazi, na uzazi haupingani na imani. Hao wanaokupongeza, wakirudi nyumbani watoto wao wapo.

Tena wewe unaishi mahali panapojua gharama ya kazi hii. Hapo Mkomani ndipo alipozikwa Rosina Krapf, aliyefika Mombasa na mumewe, mmisionari Ludwig Krapf, mwaka 1844 na kufariki Julai mwaka huohuo, akafuatwa na mtoto wake mchanga. Jamaa zao Ulaya walipata habari kwa barua iliyopita baharini. Wako atakupigia simu, ila hofu yako si ya kubuni.

Hofu hupungua kwa kujua. Waulize wanaomtuma: nani atampokea, bima ya matibabu yalipia nini, likizo ni lini, na vita vikizuka nani atamtoa? Kanisa linaloudhika kwa maswali haya, kwa maoni yangu, halijawa tayari kutuma mtoto wa mtu.

Mwambie binti kwamba unalia, lakini usimfanye achague kati yako na wito wake. Pangeni siku moja ya simu kila wiki; ya kila siku itawachosha nyote. Na ukipoteza usingizi au hamu ya kula wiki baada ya wiki, tafadhali muone daktari, usingoje arudi.